Si Kila Baruti ni ya Gobori

Ukimtajia Mkenya wa leo neno baruti, fikira zake zitakwenda moja kwa moja kwenye timbo la mawe, pale mwamba unapopasuliwa kwa kishindo na madirisha ya jirani yakatikisika. Ukimtajia fataki atakumbuka Diwali na mkesha wa mwaka mpya. Na gobori je? Hilo wengi wetu tumelisikia katika kejeli tu, mtu anapotaka kusema kwamba chombo fulani ni kikuukuu na hakifai tena.

Hata hivyo, Kiswahili kina msamiati kamili wa bunduki hizi. Wazee wa pwani na wale waliofuata misafara ya bara waliujua kama unavyojua wewe majina ya vyombo vya jikoni. Bomba la chuma ambamo risasi hupita ni kasiba, au mtutu ukipenda. Ule ufito mrefu wa kushindilia baruti na risasi kutoka mdomoni ni mdeki. Bunduki inayowashwa kwa cheche za jiwe ni gumegume. Kile kikofia kidogo cha shaba kilichokuja baadaye kuchukua nafasi ya jiwe ndicho kilichoitwa fataki. Baruti yenyewe ilichanganywa kwa shura, makaa na kiberiti, na kiberiti hapa si kile cha kuwashia jiko bali ni yale madini ya njano, salfa.

Maneno haya mimi niliyafunza darasani miaka mingi nikiwa mwalimu wa Kiswahili, wanafunzi wakayakariri kwa ajili ya mtihani na kuyasahau siku ya pili. Sikutarajia kwamba siku moja ningeyahitaji kwa ajili ya usalama wa mjukuu wangu.

Binti yangu ni muuguzi katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Aliolewa huko, na ana mtoto wa kiume ambaye wakati huo alikuwa na miaka 13. Desemba 2023 nilikwenda kumtembelea, na hata wiki haijaisha akaniita kando jikoni.

“Baba,” akasema, “naomba uzungumze na babake mume wangu. Mimi nikisema ataona namvunjia heshima. Anataka kumpeleka mtoto msituni kuwinda na ile bunduki yake ya kizamani. Sina neno na uwindaji, watu wa huku ndivyo walivyo. Lakini kule chini ya nyumba yake nimeona mkebe wa baruti hauna hata jina. Ulikuwa wa marehemu ndugu yake. Sasa akiutia huo...”

Hakumaliza, wala sikumhimiza amalize.

Msomaji atanielewa nikisema kwamba jambo hilo lilinitia kigugumizi. Kwetu uwindaji ulipigwa marufuku Mei 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ikaendelea kukataza uwindaji wa starehe. Mtu wa rika langu akisikia kwamba fulani ameingia msituni na bunduki, anawaza askari wa wanyamapori na mahakama. Kule Pennsylvania mambo ni kinyume. Kulungu ni wengi mno, wanavamia mashamba ya mahindi na kugongwa na magari usiku, na serikali ya jimbo yenyewe ndiyo inayotoa leseni na kupanga majira ya kuwinda. (Nasema kulungu kwa kukosa neno bora. Wao wana mkia mweupe upande wa chini, na hawana ujamaa wa karibu na kulungu wetu wa Aberdare.) Mtoto wa miaka 12 anaweza kupata leseni, mradi awe amepita mafunzo ya usalama na afuatane na mtu mzima wa familia yake. Mjukuu wangu mafunzo alikuwa ameyapita, na cheti chake alikuwa amekibandika ukutani juu ya kitanda.

Baada ya Krismasi, kuanzia Desemba 26 hadi katikati ya Januari, kuna majira ya aina yake ambayo yalianzishwa mwaka wa 1974. Anayeingia msituni kwa kibali hicho haruhusiwi bunduki ya kisasa, wala hata ile ya fataki. Ni gumegume tu, risasi moja, jiwe na cheche. Watu wa Pennsylvania wana fahari kubwa na silaha hii kwa sababu ni ya kwao. Mafundi Wajerumani waliohamia sehemu za Lancaster katika karne ya 18 ndio walioiunda, wakaifanya ndefu na nyembamba, na ndani ya kasiba wakachonga mifuo inayozungushia risasi ili iruke bila kuyumba. Kinachowakera hadi leo ni kwamba ulimwengu unaiita bunduki ya Kentucky.

Basi nikamwendea mkwe mwenzangu. Ni mzee wa miaka sabini na ushei, fundi mstaafu wa mitambo, mpole wa maneno. Kwa adabu zetu huwezi kuingia nyumbani mwa mkwe na kumwambia baruti yako inatutia hofu. Nikamwambia: mimi ni mwalimu, nimefunza majina ya vitu hivi maisha yangu yote bila kuviona, tafadhali nifunze. Uso wake ukang'aa kama wa mtoto. Tukashuka chini ya nyumba.

Kwanza alinionyesha bunduki, kisha akanimwagia baruti kidogo kwenye kiganja. Nyeusi, inang'aa kidogo kwa sababu hupakwa risasi ya penseli, hiyo iitwayo grafiti, ili punje zisishikane. Mchanganyiko wake haujabadilika sana kwa karne kadhaa: shura sehemu 75, makaa 15, kiberiti 10. Shura ndiyo inayotoa hewa ya oksijeni, na ndiyo sababu baruti huwaka hata ikiwa imefungiwa ndani ya chuma. Makaa ndiyo kuni. Kiberiti husaidia moto ushike mapema. Mama yeyote wa Kenya anajua kwamba makaa si makaa tu, kuna yanayokaa na kuna yanayochachatika na kuisha, na ndivyo ilivyo kwa baruti. Watengenezaji hutafuta makaa ya miti myepesi, yenye kushika moto haraka.

“Watu hudhani ukichanganya vitu vitatu umepata baruti,” mzee akaniambia. “Umepata vumbi tu. Kazi ni kuvisaga pamoja vikiwa na unyevu, kuvikandamiza hadi viwe kama kigae, halafu kuvunjavunja na kuchekecha.”

Kuchekecha huko ndiko kunakoamua baruti ipi itakwenda kwenye bunduki ipi. Baruti nyeusi huwaka kuanzia juu ya punje kuingia ndani. Punje zikiwa kubwa, moto unachukua muda. Zikiwa ndogo, zote zinateketea kwa mara moja na msukumo unakuwa wa ghafla. Kwenye mikebe ukubwa huandikwa kwa herufi F. F moja ni punje nene, za mizinga na bunduki za tundu pana sana. F mbili ni za bunduki kama ile yake, yenye tundu la nusu inchi. F tatu ni za tundu dogo zaidi na za bastola, ingawa wapo wanaozitia hata kwenye bunduki kubwa kwa kupunguza kipimo. F nne ni laini kama chumvi ya mezani, nayo haishindiliwi ndani kabisa. Ni ya kile kibakuli kidogo kilicho ubavuni, ambacho hupokea cheche za jiwe na kupitisha moto kwenye kitundu hadi ndani ya kasiba. Kwa hiyo mwindaji wa gumegume huwa na pembe mbili za baruti, kubwa na ndogo.

Niliuliza kipimo. Akanionyesha kijikopo cha shaba chenye alama. Hapa mwalimu wa Kiswahili alijisikia nyumbani, maana baruti nyeusi hupimwa kwa ujazo, kama wazee wetu walivyopima nafaka kwa kibaba na pishi, na kama mama mboga anavyopima mahindi kwa gorogoro. Alama za kijikopo ni za grein, kipimo ambacho 7,000 yake hufanya ratili moja. Yeye hutia 80. Kwa hiyo ratili moja ya baruti humpa risasi 87 hivi, na kwa kuwa kwa mwaka mzima hapigi hata 40, hununua mkebe mmoja tu. Jambo moja alilirudia mara tatu: usimimine kutoka kwenye pembe moja kwa moja mtutuni. Mimina kwanza kwenye kijikopo. Ikiwa ndani kumebaki kaa lenye moto kutoka risasi iliyotangulia, afadhali ulipukiwe na kijikopo kuliko pembe nzima iliyo mkononi.

Ndipo akautoa ule mkebe wenyewe, bila mimi kuuliza. Ulikuwa mkebe wa kahawa, wenye kutu ukingoni, umejaa hadi nusu. Akauweka mezani na kunyamaza kidogo. Ndugu yake ndiye aliyemfunza kuwinda akiwa mvulana. Baada ya maziko, miaka sita iliyopita, aliukuta mkebe huo kwenye rafu na hakuwa na moyo wa kuutupa. Mwaka huo baruti ilikuwa ya shida madukani. Akaniambia wazi kwamba alikuwa akifikiria kuitumia.

“Ni nyeusi,” akasema. “Ndugu yangu hakuwa mjinga.”

Nikamuuliza kama yuko tayari kuapa kwamba ni ile ile aliyonitilia kiganjani. Hakunijibu.

Msomaji, hapa ndipo penye hatari, na hatari hii haijali kama bunduki yako ni ya urithi au ya dukani. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alivumbua baruti isiyotoa moshi, na tangu hapo karibu bunduki zote duniani zimehamia kwenye baruti ya aina hiyo. Hiyo haina shura wala makaa. Hutengenezwa kwa nyuzi za pamba au mti zilizotiwa tindikali, na nguvu yake ni ya namna nyingine: kadiri inavyobanwa ndivyo inavyowaka upesi, na kadiri inavyowaka upesi ndivyo inavyozidi kubanwa. Ukijaza kijikopo kile kile cha 80 kwa baruti hiyo na kuishindilia ndani ya gobori, kasiba hupasuka kama ganda la ndizi, na inapopasuka ni pale pale mkono wa kushoto unapoishika, shubiri chache kutoka usoni. Ziko bunduki chache za siku hizi za kushindilia zilizoundwa mahsusi kwa baruti hiyo. Gumegume ya Pennsylvania si mojawapo. Na kubwa zaidi ni kwamba baruti isiyo na moshi nayo hupakwa grafiti, nayo mara nyingi ni nyeusi. Kwa jicho la kawaida, ndani ya mkebe wa kahawa, huwezi kuapa.

Sikumwambia neno la binti yangu. Nilimwambia tu kwamba kwetu dawa isiyo na jina haitiwi kinywani, hata kama marehemu aliyeiacha alikuwa daktari. Akacheka, akaurudisha mkebe rafuni. Sikuipenda sana hiyo ya kuurudisha.

Siku ya pili tukaenda dukani, wazee wawili na mjukuu kiti cha nyuma. Lilikuwa duka kubwa la vifaa vya uwindaji, lakini baruti nyeusi yenyewe haikuwepo. Sababu yake ni ya kisheria. Huko baruti nyeusi huhesabiwa kuwa kilipuzi, na muuzaji lazima awe na leseni na ghala maalum, ilhali mteja wa kawaida wa michezo anaruhusiwa kuweka nyumbani hadi ratili 50. Wenye maduka wengi huona usumbufu hauna faida, wakauza tu zile mbadala. Kijana wa kaunta akatutolea mikebe mitatu, akasema ati zote ni sawa, zote huandikwa kwamba ni za bunduki za kushindilia.

Zote si sawa. Pyrodex ilivumbuliwa na Mmarekani Dan Pawlak katika miaka ya 1970. Yeye na wenzake waliangamia kiwandani moto ulipolipuka Januari 1977, na kampuni ya Hodgdon ikaiendeleza. Ni nyepesi kuliko baruti nyeusi, kwa hiyo ukiipima kwa mizani badala ya kijikopo utatia nyingi kupita kiasi. Triple Seven haina kiberiti, haina ule uvundo, na bunduki husafishika kwa maji matupu, lakini kwa ujazo ule ule ina nguvu zaidi, na mtu hushauriwa kupunguza asilimia 15. Blackhorn 209 huacha uchafu mdogo kuliko zote, ila inataka fataki kali za bunduki ya marisau. Kwa mwenye bunduki ya fataki, hasa zile mpya ambazo fataki hukaa nyuma kabisa ya baruti, hizi ni chaguo zuri, na mimi singemcheka anayezitumia. Shida ni jiwe. Baruti nyeusi hushika moto upesi, na cheche inatosha. Hizi mbadala zinataka joto kubwa zaidi, na cheche ya jiwe ni kitu cha kupita tu.

Mzee hakubishana na kijana wa kaunta. Alinunua mkebe mdogo wa ile mbadala ya bei nafuu, akaniambia njiani kwamba ameununua kwa ajili ya mtoto. Kisha tukaendesha gari zaidi ya saa nzima, tukapanda milima na kushuka, hadi kwenye kiduka cha mtu mwenye leseni ambaye huweka baruti nyeusi halisi. Akatuuzia mkebe wa F mbili na mwingine mdogo wa F nne, yote imefungwa kwa lakiri ya kiwandani.

Mwenye duka alikuwa mwingi wa mazungumzo. Yeye ndiye aliyenieleza kwa nini bidhaa yenyewe imekuwa adimu. Mfaransa Éleuthère Irénée du Pont, aliyepata elimu yake kwa mwanakemia Lavoisier, alijenga vinu vya baruti kando ya mto Brandywine, Delaware, mwaka 1802. Kampuni yake ilitawala biashara hiyo kwa zaidi ya karne moja na nusu. Kiwanda kimojawapo kilikuwa Moosic, papa hapa Pennsylvania. Kiliuzwa katika miaka ya 1970, baruti yake ikaitwa GOEX, na katika miaka ya 1990 kazi ikahamishiwa Minden, Louisiana. Mwaka 2021 wenyewe wakatangaza kwamba wanafunga, wawindaji wakakimbilia madukani kama sisi tunavyokimbilia unga ukitangazwa kupanda bei. Mwaka 2022 kampuni ya Estes, inayojulikana kwa roketi za watoto, ikanunua jina na kiwanda. Kuna pia baruti ya Uswisi na ya Ujerumani, ila bei yake inauma.

Jambo jingine alilolisema lilinifurahisha. Mwaka 1857 Lammot du Pont alipata hataza ya baruti iliyotengenezwa kwa shura ya sodiamu kutoka Amerika Kusini. Ilikuwa rahisi kuliko ile ya India, lakini ilivuta unyevu mno, ikabaki kuwa ya migodi na timbo. Kwa hiyo hata baruti nyeusi ina ndugu yake wa kuvunjia mawe ambaye hafai kuingia bunduki.

Nami nikaona nisinyamaze, nikawatolea la kwetu. Nikawaambia kwamba mwaka 1890, mataifa makubwa yalipokutana Brussels, yalikatazana kuingiza silaha katika sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini hadi 22 kusini. Lakini yaliacha mlango mmoja wazi: bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani, pamoja na baruti ya kawaida, ile waliyoiita baruti ya biashara. Walikuwa na mizinga na bunduki za kisasa mikononi mwao, na baruti ya Vieille ilikuwa tayari inatumika Ulaya. Mwafrika akachaguliwa baruti yake na watu ambao hawakumwuliza. Miaka mitano baadaye, 1895, Uingereza ikatangaza himaya yake juu ya nchi hii yetu. Mzee na mwenye duka walitazamana, na kwa kitambo hapakuwa na wa kutia neno. Mjukuu wangu ndiye aliyeuliza, “Babu, kwa hiyo walijua?” Nikamwambia walijua.

Jioni ile mzee alitoa bunduki nje, tupu, bila baruti kasibani, akaweka kidole cha ile baruti mbadala kwenye kibakuli. Akafyatua. Jiwe likagonga chuma, cheche zikamwagika, kimya. Akafyatua tena na tena. Mara ya nne ikashika moto kwa uvivu, kama makaa mabichi. Akafuta kibakuli, akatia F nne. Mara moja tu, fuu! Mtoto akaruka nyuma. Hakuna aliyetoa hotuba. Kufyatuka kwa kuchelewa ndiko kunakomfanya mwindaji atikise mkono, na mkono ukitikisika mnyama hupigwa mguu au tumbo, akaenda kufia mbali kwa siku mbili. Hilo ndilo linalomuuma mzee kuliko kukosa.

Binti yangu alikuwa dirishani, ameona yote. Alitoka nje, akamwambia babamkwe wake kwa heshima lakini bila kuzunguka kwamba mtoto ataenda kwa masharti mawili. Baruti iwe ya mkebe uliofunguliwa mbele yake, na ule mkebe wa kahawa uondoke kabla ya gari kuwashwa. Nilikuwa tayari kuingilia kati. Haikuhitajika. Mzee aliingia ndani, akakaa huko muda mrefu kuliko inavyochukua kushuka ngazi na kupanda, kisha akapiga simu kwa wazima moto wa mji ule. Asubuhi walikuja wawili, wakaupokea mkebe kwa mikono ya uangalifu kama wanaopokea mtoto mchanga, wakaenda nao. Aliwafuata hadi barabarani akibaki amesimama.

Tulipoingia msituni mara ya kwanza, siku za mwisho za Desemba, kulikuwa na manyunyu. Nilikuwa nimevishwa nguo nyingi hata sikuweza kukunja viwiko. Kulungu akatokea, mtoto akalenga, kibakuli kikawaka na kasiba ikakataa. Moto uliishia nje, unyevu ulikuwa umeziba kitundu. Mzee akamshika bega, akamwambia asishushe mtutu, auelekeze kwenye kilima na ahesabu hadi 60 kwa sauti, kwani baruti iliyosita inaweza kulipuka baadaye. Basi msitu mzima ukasikia hesabu. Kulungu alisikiliza hadi tisa, akaondoka zake.

Tulirudi baada ya theluji ya Januari, siku kavu ya baridi kali. Kila dakika chache mzee alifungua kibakuli, akapuliza ile baruti ya zamani na kutia mpya, kama mtu anayebadilisha majani ya chai. Saa nne hivi walikuja kulungu watatu. Safari hii moto wa nje na wa ndani vilikuwa sauti moja, halafu hatukuona kitu. Zaidi ya nusu ya baruti nyeusi hugeuka kuwa moshi na masizi, na wingu lake, kwa siku isiyo na upepo, husimama mbele yako kama pazia. Tulisubiri lipasuke. Jike mmoja alikuwa amelala kwenye theluji, hatua kama 60 kutoka pale. Mjukuu wangu hakushangilia. Alimtazama mzee, mzee akavua kofia, naye akavua yake.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya usiku. Masizi ya baruti nyeusi huvuta unyevu na kula chuma, na bunduki ikilala nayo usiku mmoja asubuhi utakuta kutu. Mtoto alichemsha maji, akatia sabuni, akalaza kasiba ndani ya karai jikoni na kupitisha kitambaa kwa mdeki, juu na chini, hadi maji yakawa kama wino. Ule uvundo wa kiberiti ukapanda, harufu ya mayai viza, ukajaa sebuleni na kufika hadi vyumbani. Binti yangu alifungua madirisha yote, na nje barafu ilikuwa ikining'inia kwenye paa, akasema mwaka ujao kazi hiyo ifanyiwe gereji.